Wagombea 48, mchujo mmoja: kutafuta sifuri wiano za polinomia

Swali: Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha tano, PCM. Tumepewa f(x) = 6x⁴ − 5x³ − 18x² + 10x + 12, tutafute sifuri zake zote, yaani thamani za x zinazofanya f(x) iwe 0. Nimeorodhesha namba zinazoweza kuwa sifuri nikapata 48, mwenzangu kapata 24. Nimejaribu 1, −1, 2, −2 na 3, nikapata 5, −5, 16, 56 na 231. Hakuna hata moja iliyotoa sifuri. Je, swali limekosewa? Na ni lazima nizijaribu zote 48? Mtihani utaisha niko kwenye swali hilohilo.

Jibu: Marahaba. Swali halijakosewa, na hesabu zako tano zote ni sahihi. Zitunze, maana tutazitumia. Mwenzako ndiye aliyehesabu orodha vizuri: ni 24. Hata hizo 24 huna haja ya kuzijaribu zote. Kwa majibu mawili uliyokwisha kuyapata, lile 5 na lile −5, orodha inashuka mpaka namba nne. Hapo ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu wengi hufundishwa kutengeneza orodha halafu wanaachwa wabahatishe.

Kwanza orodha yenyewe. Kanuni inasema hivi: ikiwa namba zote zinazozidisha x, pamoja na ile ya mwisho isiyo na x, ni namba kamili, basi kila sifuri iliyo namba wiano, ikiandikwa p/q na kurahisishwa mpaka mwisho, lazima p iwe kigawo cha namba ya mwisho na q iwe kigawo cha namba ya mbele kabisa. Kwako ya mwisho ni 12 na ya mbele ni 6. Kwa hiyo kiasi (p, namba ya juu) kinatoka kwenye 1, 2, 3, 4, 6, 12 na asili (q, namba ya chini) inatoka kwenye 1, 2, 3, 6.

Sita mara nne ni 24, ukiweka hasi na chanya unapata 48. Hapo ndipo ulipotoka na namba yako. Lakini 2/2 ni 1 ileile, 4/6 ni 2/3 ileile, na 12/3 ni 4 ileile. Umeandika watu haohao kwa majina tofauti. Dawa yake ni kwenda asili moja baada ya nyingine, na kila asili uichukulie tu viasi ambavyo havina kigawo cha shirika nayo:

Asili 1: 1, 2, 3, 4, 6, 12
Asili 2: 1/2, 3/2
Asili 3: 1/3, 2/3, 4/3
Asili 6: 1/6

Jumla 12, na hasi zake 12. Ndiyo hizo 24. Kwenye asili 6 imepona namba moja tu, kwa sababu kila kigawo kingine cha 12 kinagawanyika kwa 2 au kwa 3.

Ukisahau kipi kinakaa juu na kipi chini, usikariri. Chukua 2x − 3 = 0. Jibu lake ni 3/2, na unaona mwenyewe kwamba 3 ya mwisho imepanda juu na 2 ya mbele imeshuka chini. Kosa la kugeuza hivi viwili ni la kila mwaka, na ubaya wake ni kwamba halijionyeshi: orodha iliyopinduliwa inafanana kabisa na orodha nzuri, na baadhi ya namba zake ni zilezile.

Sababu ya kanuni hii ni fupi, na inafaa kuijua kwa kuwa mchujo unatokana na wazo lililo jamaa yake. Tuseme p/q ni sifuri ya swali lako. Iweke mahali pa x, kisha zidisha kila kipande kwa q⁴ ili asili ziondoke:

6p⁴ − 5p³q − 18p²q² + 10pq³ + 12q⁴ = 0

Vipande vinne vya kwanza vyote vina p ndani yake. Basi cha tano, 12q⁴, nacho lazima kigawanyike kwa p, la sivyo jumla isingekuwa sifuri. Lakini p na q hazina kigawo cha shirika, kwa hiyo p haipati chochote kutoka kwa q⁴. Lazima iigawe 12. Ukiangalia kutoka upande wa pili, vipande vinne vya mwisho vyote vina q, kwa hiyo q lazima iigawe 6. Ona pia mahali ambapo hoja ingevunjika: kama moja ya namba zile ingekuwa sehemu au kipeuo kisicho wiano, maneno "inagawanyika kwa p" yasingekuwa na maana.

Sasa mchujo. Kama p/q ni sifuri, f(x) inagawanyika kwa (qx − p) na kinachobaki ni polinomia yenye namba kamili tupu. Hili la namba kamili tupu linatokana na hoja ambayo mwanahisabati Gauss aliichapisha mwaka 1801, na ndilo linalobeba kazi yote. Tuiite polinomia hiyo g(x):

f(x) = (qx − p) · g(x)

Weka x = 1. Unapata f(1) = (q − p) · g(1), na g(1) ni namba kamili. Maana yake, q − p lazima iigawe f(1). Weka x = −1, na vivyo hivyo q + p lazima iigawe f(−1).

Wewe una f(1) = 5 na f(−1) = −5. Vigawo vya 5 ni 1 na 5 tu, chanya au hasi. Kwa hiyo kila mgombea, yaani kila namba ya orodha, anaulizwa maswali mawili: tofauti ya asili na kiasi chako ni 1 au 5? Jumla yao ni 1 au 5? Alama ya hasi ya mgombea inakaa na kiasi, asili inabaki chanya.

Pitia orodha uone inavyokwenda haraka. Namba 12: tofauti 11, nje. Namba 6: tofauti 5, sawa, jumla 7, nje. Namba 4: tofauti 3, nje. Namba 3: tofauti 2, nje. Sehemu 1/2: tofauti 1, sawa; jumla 3, nje. Sehemu 4/3: tofauti 1, sawa, jumla 7, nje. Sehemu 1/6: tofauti 5, jumla 7, nje. Kwa −4, kiasi ni −4 na asili 1: tofauti 5, lakini jumla ni −3, nje. Ukimaliza, waliosimama ni hawa tu:

3/2, −3/2, 2/3, −2/3

Kazi hii haihitaji kikokotoo wala kuandika vipeo. Ni kutoa na kujumlisha kwa kichwa. Namba kamili zote zimeondoka, ndiyo maana ulijaribu tano bila kufika popote, na ungeendelea mpaka 12 ungetoka mikono mitupu.

Unaweza kuendelea kuchuja kwa majibu yako mengine. Kwa f(2) = 16, kinachotakiwa kuigawa 16 ni 2q − p. Mgombea −3/2 anatoa 4 + 3 = 7, na 7 haiigawi 16. Nje. Kwa f(3) = 231, ambayo ni 3 × 7 × 11, kinachotazamwa ni 3q − p: 3/2 inatoa 3, 2/3 inatoa 7, −2/3 inatoa 11. Wote wamepita.

Hapa simama kidogo. Mgombea 2/3 amepita mchujo wa f(1), wa f(−1), wa f(2), wa f(3), na hata wa f(−2) atapita, kwa sababu 2q + p ni 8, na 8 inaigawa 56. Hata hivyo 2/3 si sifuri ya polinomia hii. Mchujo unajua kukataa tu, haujui kuthibitisha. Atakayeandika kwenye mtihani kwamba namba fulani ni sifuri kwa sababu imepita mchujo atakuwa ameandika uongo unaofanana na kweli.

Anayethibitisha ni mgawanyo. Tumia njia ya mkato: andika namba zinazozidisha, shusha ya kwanza, zidisha kwa mgombea, jumlisha na inayofuata, rudia. Kwa 2/3:

6, −5, −18, 10, 12

Shusha 6. Mara 2/3 ni 4; −5 + 4 = −1. Acha hapo hapo. Kama 2/3 ingekuwa sifuri kweli, kila namba ya mstari wa chini, ukiacha baki, ingekuwa kigawe cha 3. Sababu ni ileile: f(x) = (qx − p)g(x), na ukigawa kwa (x − p/q) badala ya (qx − p), unachopata ni q mara g(x), yaani namba kamili zilizozidishwa kwa q. Ukiona −1 kwenye mstari wa asili 3, mgombea ameanguka. Huna haja ya kusubiri sehemu zianze kurundikana. Vivyo hivyo kwa −3/2: 6, kisha −5 − 9 = −14, kisha −18 + 21 = 3. Tatu si namba shufwa, acha. Alama hii ya kuacha mapema huokoa muda mwingi kuliko ujanja mwingine wowote ninaoufahamu kwenye mada hii, na ajabu ni kwamba husikii ikisemwa sana.

Sasa 3/2:

6
−5 + 9 = 4
−18 + 6 = −12
10 − 18 = −8
12 − 12 = 0

Mstari wote una namba shufwa na baki ni 0. Imethibitika. Kilichobaki ni 6x³ + 4x² − 12x − 8. Kabla ya kugusa kitu kingine, toa 2 nje: 2(3x³ + 2x² − 6x − 4). Usipotoa, ukitengeneza orodha mpya kwa 8 na 6 utapata namba 20. Ukitoa, kwa 4 na 3 unapata 12. Polinomia ni ileile, kazi imepungua karibu nusu. Na 3/2 haiwezi kurudi mara ya pili, kwa sababu 3 haiigawi 4. Kwenye maswali mengine hutakuwa na bahati hiyo: kama mgombea aliyeshinda bado anafaa kwenye orodha mpya, mjaribu tena, kwa maana sifuri inaweza kujirudia.

Endelea na −2/3 kwenye 3, 2, −6, −4, usirudi kwenye polinomia ya mwanzo. Shusha 3; 2 − 2 = 0; −6 + 0 = −6; −4 + 4 = 0. Imekubali. Kinabaki 3x² − 6, yaani x² = 2. Ukifika kipeo cha pili, orodha imemaliza kazi yake. Tumia kanuni ya milinganyo ya kipeo cha pili au njia yoyote unayoipenda. Sifuri za swali lako ni 3/2, −2/3, √2 na −√2.

Sasa turudi kwenye kilichokukatisha tamaa. Ulipata f(1) = 5 na f(2) = 16, zote chanya, na nadhani ukaona katikati hapana kitu. Kumbe katikati ya 1 na 2 zipo sifuri mbili: √2, ambayo ni kama 1.414, na 3/2. Grafu inakata mhimili wa x kushuka, halafu kabla hujakohoa inakata kupanda, na alama ya jibu inarudi ilivyokuwa. Kubadilika kwa alama kunathibitisha kwamba sifuri ipo, lakini kutobadilika hakuthibitishi kwamba haipo.

Upande wa hasi una mtego wa namna nyingine. f(−1) = −5 na f(−2) = 56, kwa hiyo katikati yao sifuri ipo bila ubishi. Wagombea walio katikati ni −4/3 na −3/2. Ukiwajaribu wote wawili, −3/2 inatoa 3.75 na −4/3 inatoa −68/27. Hakuna sifuri. Si kwamba umekosea kuzidisha. Sifuri ipo ila si namba wiano, ni −√2, na orodha yetu haikuwahi kuahidi kuzikamata za aina hiyo. Inaahidi hivi tu: kama kuna sifuri wiano, iko humu ndani. Inawezekana kabisa orodha nzima isiwe na hata moja. Chukua x³ − 2: wagombea ni 1, −1, 2, −2, na wote wanakataa. Kwa mistari hiyo miwili umethibitisha kwamba kipeuo cha tatu cha 2 si namba wiano.

Kuna kipimo kingine utakachokutana nacho, kanuni ya alama ya Descartes, ya mwaka 1637: hesabu mara ngapi alama zinabadilika ukisoma polinomia kutoka mbele. Zako ni + − − + +, zinabadilika mara mbili, kwa hiyo sifuri chanya ni mbili au hakuna. Kwa f(−x) alama ni + + − − +, tena mara mbili, basi hasi ni mbili au hakuna. Kwa swali hili haikusaidii sana. Inalipa pale alama zote zinapokuwa chanya, maana unafuta wagombea wote chanya kwa kutazama tu.

Kinachosaidia zaidi ni mipaka. Ukigawa kwa namba chanya na mstari wa chini wote ukawa hauna hasi, hakuna sifuri iliyo juu ya namba hiyo. Kwa 3 unapata 6, 13, 21, 73, 231. Basi 4, 6 na 12 umeshazifuta. Ukigawa kwa namba hasi na alama za mstari zikapishana, hakuna sifuri iliyo chini yake. Kwa −2 unapata 6, −17, 16, −22, 56, zinapishana, kwa hiyo −3, −4, −6 na −12 zimekwenda. Ungekuwa umejaribu kwa mgawanyo wa mkato badala ya kuingiza namba kwenye kikokotoo, mistari hii ungeiona bure.

Mambo ya kuangalia kabla ya kuanza orodha, kwa sababu yakikosewa hapo hakuna mchujo utakaokuokoa. Panga vipeo kuanzia kikubwa, na kipeo kinachokosekana kiandikie 0: x³ − 7x + 6 inaingia kwenye mgawanyo kama 1, 0, −7, 6. Ukiandika 1, −7, 6 umegawa polinomia nyingine kabisa. Kama namba ya mwisho ni 0, usiorodheshe vigawo vya 0; toa x nje kwanza, kumbuka kuandika x = 0 kwenye majibu, halafu orodhesha kwa kilichobaki. Kama kuna sehemu au desimali, zidisha zote kwa KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya asili. Mfano ½x³ − ¾x² − 2x + 3: zidisha kwa 4 upate 2x³ − 3x² − 8x + 12, ambayo sifuri zake ni 3/2, 2 na −2. Usipozidisha, utadhani namba ya mwisho ni 3 na utaiacha 2 nje ya orodha.

Na mchujo wenyewe una hali mbili za kuangalia. f(1) ikitoka 0, basi 1 ni sifuri. Gawa kwa (x − 1) kwanza, kisha chuja kwa polinomia iliyobaki, kwa sababu kila namba inaigawa 0 na hutamfukuza mtu. Na f(1) ikitoka namba kama 60, yenye vigawo 12, mchujo unakuwa na matundu makubwa. Hapo tegemea f(−1), au f(2), yoyote itakayotoa namba tasa au yenye vigawo vichache.

Mwisho, kabla ya kufunga karatasi, jumlisha sifuri zako zote nne. Jumla lazima iwe namba ya pili iliyogeuzwa alama ukiigawa kwa ya kwanza, yaani 5/6. Kwako: 3/2 − 2/3 + √2 − √2 = 5/6. Zao la sifuri zote, kwa kuwa kipeo kikubwa ni shufwa, ni 12/6 = 2; kingekuwa witiri ungegeuza alama. Kwako: 3/2 × (−2/3) ni −1, na √2 × (−√2) ni −2, zao 2. Kama umesahau −√2, na wengi huisahau wakishaandika x² = 2, jumla itakuwa na √2 inayoning'inia, na utaiona hapo hapo.